Mpini wa Mikono Miwili

Nilitoka Tabora kwa treni baada ya kumaliza kidato cha nne, nikikimbia shamba la tumbaku la baba. Niliposhuka Kilosa, miguu ilikuwa imevimba kwa kukaa. Katika kibanda karibu na stesheni nilimkuta Fundi Mkuu, ndivyo alivyotaka aitwe ingawa alifanya kazi peke yake, akisugua mashine ya kunyolea ndevu ya zamani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mikono yako inatulia?"

Nikainyoosha aione. Siku hiyohiyo nikaanza kazi.

Ninyi mnaonyoa na kutupa huenda hamjawahi kuishika. Ilikuwa na sehemu tatu za shaba: kofia, kitako chenye meno, na mpini. Wembe ulikaa katikati, mpini ukavibana vyote kwa hesi, yaani mikato ya kufungia kama ya skrubu. Ukoga wa kijani na sabuni iliyoganda tulivilowesha kwenye maji ya ndimu, tukavisugua kwa mswaki. Msasa ulikuwa haramu.

"Ukipiga msasa unaondoa mashine, huondoi uchafu," alinikaripia. Sheria yake ilikuwa moja: chombo kirudi kilivyotoka kiwandani, bila kuongeza kitu.

Baadaye tukahamia Mikumi, kuwafuata madereva wa barabara kuu. Huko ndiko alikokuja Mama Rehema kutoka Kidodi, pamoja na mumewe, dereva mstaafu wa malori ya miwa. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka na ndevu zimemjaa, na Jumamosi binti yao alikuwa anaolewa, lakini hakutaka kunyolewa na kinyozi. Tulimtengenezea mashine yake. Alipoijaribu mbele ya kioo chetu, akajikata kidevuni.

"Basi harusini siendi," alisema, akaiweka chini. "Rehema atasindikizwa na baba yake mdogo."

Mkewe aliichukua mashine, akamkunjia mzee vidole kwenye mpini, kisha akajaribu kushika naye. Mpini ulikuwa mfupi. Vidole vyake vikakosa mahali, vikateleza.

Fundi Mkuu alisimama akiwatazama. Akaingia ndani, akatoka na pampu kuukuu ya baiskeli, akakata kipande cha bomba lake la shaba na kukiunga chini ya mpini kwa risasi iliyoyeyushwa. Nani angemkumbusha sheria yake?

Wakajaribu tena, mkono wa mke chini ya mkono wa mume.

"Kona hiyo, Baba Rehema, punguza mwendo."

"Nani dereva hapa?"

"Wewe. Mimi utingo tu, ila nikiona shimo nitapiga kelele."

Mzee akacheka, povu likarukia kioo. Jumamosi alimsindikiza binti yake mwenyewe, kidevu kinang'aa, nasi tukala pilau.

Sijafika hamsini, lakini kazi yangu imestaafu kabla yangu. Fundi Mkuu alipochoka akarudi kwao Kisanga, na wateja wakapungua, nami sijawahi kuwa mtu wa kukaa. Siku niliyofunga kibanda, begi likiwa mlangoni nikisubiri basi la Iringa, Mama Rehema akaja. Mzee alikuwa amefariki. Alitaka mashine isafishwe, ampe kijana wao wa mwisho.

Nikafungua begi, nikatoa mswaki. Nilipomaliza, nikamwuliza kama nikiondoe kile kipande cha pampu, ili mashine irudi ilivyokuwa.

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama kapera.

"Kiache, mwanangu. Naye ataoa."