Ndege wa Mama Cécilia

Wateja wa mji wa Kasongo walisema fundi Gédéon ana mkono wa kushona viatu ila hana jicho la kuvipamba. Sandali zake za tairi zilidumu miaka mingi, na miaka hiyo yote ziliendelea kuwa mbaya.

Basi siku alipokwenda Wamaza kujitambulisha nyumbani kwa mchumba wake Olga, hakusikia hata nusu ya maneno ya wazee. Macho yake yalinasa kwenye vitambaa vya viti. Mama Cécilia, mama yake Olga, alikuwa amevitarizi mwenyewe: ua jekundu, na juu yake ndege mwenye shingo ndefu kupita haja. Wengine waliona kitambaa. Gédéon aliona kiatu.

Alirudi baadaye na zawadi ya mama mkwe: sandali zilizotariziwa ua na ndege yuleyule palepale pa kukanyagia. Olga ndiye aliyezipokea, maana katika ukoo wao mkwe na mama mkwe hawasemeshani wala hawapeani kitu mkononi. Mama Cécilia alizigeuza, akazitazama sana.

"Olga, muulize huyu mutu, anataka nikanyage maua yangu mwenyewe? Na ndege nimuponde na kisigino?"

Gédéon alikuwa ameketi karibu kabisa, lakini ilibidi angoje.

"Mama anauliza kama unataka aponde ndege," Olga alisema, akijibana asicheke.

"Mwambie nilifikiri…"

"Anasema alifikiri."

"Haikuonekana," alijibu mama.

Baba Aristote, baba yake Olga, hakucheka. Mtu anayemkanyagisha mama mkwe kazi ya mikono yake, je, huyo atamheshimu binti? "Harusi ingojee," alisema.

Gédéon aliomba kurekebisha kosa palepale nyumbani: angehamishia mapambo juu, kwenye mikanda ya ngozi. Akaanza, na mafundisho yakapitia kwa Olga.

"Muambie avute uzi polepole. Haiko kamba ya mbuzi."

"Polepole, anasema."

"Nimesikia."

"Bado hujasikia. Mimi ndiye ninayekwambia."

Ua lilikubali. Ndege alikataa.

"Muambie hiyo ni bata."

Akafumua. Akashona tena. Bata mwingine, mnene zaidi. Mama Cécilia akashindwa kuvumilia. Aliinuka, akamnyang'anya sandali na kumwambia usoni:

"Shingo kwanza, Gédéon. Kichwa utakiweka wapi kama shingo haiko?"

 Olga alimtazama baba yake, naye baba akatazama bati la paa. Mama Cécilia alitambua alichofanya, lakini sindano ilikuwa imeshaingia katika ngozi, na kazi haiachwi katikati.

"Leta uzi mweusi," alisema.

Gédéon akampa, mkono kwa mkono.

Baba Aristote alikohoa. "Kama mumeshafika hapo, mimi nakatalia nini? Olga, muulize mama yako harusi iwe lini."

"Ndege akiisha," alijibu Mama Cécilia bila kuinua kichwa. "Na wewe Gédéon, sogea, unaniziba mwanga."