Salamu Kwanza, Kituo Baadaye

Baba yangu hawezi kuomba chumvi mezani bila kuuliza kwanza umeamkaje. Kwa hiyo wakubwa wa mabasi wa hapa walipong'oa kibao cha kituo kilichokuwa mbele ya apatimenti zetu, hapa Shively, Marekani, na yeye akatangaza kwamba barua ataiandika mwenyewe, nilijua tuna kazi.

Kituo kile kilikuwa cha Mama. Sisi wengine tuna magari. Mama hana leseni na hataki kuisikia, na kila alfajiri alikuwa akipanda basi pale kwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anakofua na kukunja mashuka. Ana miaka sitini na tano, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza ya kuajiriwa. Kambini Kigoma, tulikokuwa wakimbizi, alilima mashamba ya watu, akauza mihogo, akatulea sisi sita, na hakuna aliyewahi kumpa kitambulisho cha kazi chenye picha yake. Hapa amepewa, na anakivaa hata kanisani. Kituo kilichobaki kiko mbali, kando ya barabara ya malori isiyo na njia ya miguu, na magoti yake hayawezi. Tulimpeleka kwa zamu, lakini shifti zetu ziligongana na yake, akachelewa na kuchelewa tena, mpaka mkubwa wake akamwambia kwamba siku nyingine akichelewa asirudi. Alitupa habari hiyo akiwa anaosha vyombo, ametupa mgongo. Nilijua analia.

Basi Baba akaketi na kalamu. Ufundi huu aliurithi. Baba yake alikuwa mwandishi wa barua za watu wa mlima wao kule Burundi, enzi za Mbelgiji. Mwenye shida na mtawala alikwenda kwake na kuku au na maneno matupu, akaandikiwa. Baba naye kambini ndiye aliyekuwa akimwandikia mkuu wa kambi kuhusu maharage yenye wadudu na bomba lililokauka. Sasa ni raia wa Marekani, ameapa na mkono ameinua, lakini barua yake ilianza: “Kwa Serikali Tukufu. Yah: Maombi ya kurudishiwa kituo. Sisi watoto wako watiifu tunapiga magoti mbele yako.” Nikamwambia, Baba, hawa tunawalipa sisi. Akaniangalia kama mtu aliyemzaa mtoto asiye na adabu, akaendelea kuandika. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kuwatakia afya wao na familia zao. Wa pili ulisifu barabara, taa za barabarani na usafi wa viti vya basi. Kituo kilitokea ukurasa wa tatu, chini kabisa, kikiwa kimejibanza.

Binti yangu akaitafsiri. Ana miaka kumi na saba na hana muda wa kupoteza. Kurasa tatu zikawa mistari minne. Baba akaigeuza karatasi nyuma kutafuta zilizobaki. Aliuliza salamu zimekwenda wapi, mjukuu akamjibu kwa Kiingereza kwamba hakuna anayezisoma. Jamani, hawakusemeshana siku mbili. Mwishowe Baba akasema kama ni hivyo atakwenda kuwasalimia kwa mdomo.

Kikao cha wakubwa wa mabasi cha kusikiliza wananchi kilikuwa cha mchana, ukumbi mkubwa, watu saba wamekaa mbele kwenye meza ndefu. Mlangoni niliandikisha majina yetu sote watatu, la Baba, la Mama na langu kama mkalimani, na wazee sikuwaambia. Kila mtu alikuwa na dakika tatu, na taa ndogo mezani ya kumwonyesha muda unavyokwenda. Baba alivaa suti ya harusi ya kaka yangu. Alisimama, akasema Bwana asifiwe, akangoja waitikie amina. Hawakuitikia. Akarudia, akidhani hawakusikia, na mimi pembeni natafsiri huku jasho linanitoka. Akawauliza hali zao. Akawashukuru kwa amani. Taa ilipokuwa ya njano akainamisha kichwa kuishukuru, akaingia kwenye sifa za taa za barabarani. Taa nyekundu ilipowaka alikuwa kwenye usafi wa viti, na mwanamke aliyekuwa mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba muda umekwisha. Baba akarudi kukaa, uso unang'aa. Neno kituo hakuwa amelitaja hata mara moja.

Halafu wakaita jina la Mama. Alinigeukia kwa macho ambayo tangu utotoni yalimaanisha tutaonana nyumbani. Lakini akasimama, kitambulisho kifuani, akashika kiti cha mbele yake.

“Mmeniondolea kituo changu,” alisema. “Nakitaka. Nafanya kazi.”

Akakaa. Nikatafsiri, sikuongeza kitu. Bwana mmoja mezani akauliza kazi anaanza saa ngapi, na Mama, kwa kuwa swali alilielewa, akajibu mwenyewe kwa Kiingereza: saa kumi na mbili. Mle ndani wote wakaelewa kumi na mbili yao, yaani adhuhuri, ikabidi nieleze kwamba saa zetu ni nyingine, anaanza saa sita yao ya alfajiri. Yule bwana akaandika kitu kwenye karatasi.

Kituo kilirudishwa baada ya wiki sita, hatua chache kutoka pale pa zamani, na kazi hakuipoteza. Lakini siku ile tukirudi hatukulijua hilo. Mimi nilikuwa naendesha na kumtania Baba bila huruma: kwamba amewapa wale watu baraka za mwaka mzima na hakuna anayejua alifuata nini. Hakucheka. Tulipofika kwenye taa za kuingia kwetu akaanza kusema, akiangalia dirishani.

Alisema baba yake aliandika barua moja tu isiyo na salamu. Mtawala alikuwa amewalazimisha watu kuchimba mitaro milimani msimu wa kupanda, wanaume wote, na njaa ilikuwa inaonekana kabisa inakuja. Babu alikuwa na hasira. Akaandika mstari mmoja: turudishieni siku zetu za kulima. Wakaja kumchukua asubuhi. Alirudi maharage yameshavunwa, amekonda, na hakuandika tena.

“Nilikuwa na miaka saba,” Baba alisema. “Leo mama yako aliposimama akasema nakitaka, nilitazama mlango.”

Niliona aibu kwa utani wangu. Mama alikuwa kiti cha nyuma, mkoba mapajani. Akanyoosha mkono, akamgusa mumewe begani.

“Nilikuona,” alimwambia. “Ndiyo maana nilisema haraka.”