Ulimi wa Bwana Mipango

Wanasema ulimi hauna mfupa. Wa afisa mipango miji wetu una mhuri. Hawezi kupaka ramani rangi bila kulamba ncha ya penseli, kwa hiyo akishuka saa nne kunywa chai, sisi wachuuzi wa chini ya ofisi yake tunamsalimia huku tukimchungulia mdomoni. Ukiwa mwekundu, ni eneo la biashara, tunashusha pumzi. Ukiwa wa njano, ni makazi, na fundi viatu anaanza kukusanya visigino vyake. Juzi alipiga miayo, tukaona kijani kitupu. Mama chai hakuuliza. Akaanza kukunja turubai.

“Mama, mbona unafungasha?”

“Ulimi wako umeshatangaza bustani, mwanangu.”

Afisa akajifuta mdomo kwa leso yenye rangi zote za mji. “Lakini nataka hapa katikati pachangamke! Watu wakae kwenye nyasi, wapige soga, wanywe chai.”

“Chai ya nani?”

Akafikiri, akatoa penseli ya kahawia, akailamba taratibu, akarudi ofisini bila kuaga. Kahawia ni eneo la nini, hakuna anayejua. Mama chai amerudisha benchi moja tu, na kila asubuhi, kabla ya kummiminia, humwambia, “Fungua mdomo kwanza.”