Ganda la Kiberiti la Mama Mkwe

Babu yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, aliwahi kuchukua ganda la kiberiti, akaandika juu yake jina la mama mkwe wake, akaweka humo mavi yake mwenyewe, akampelekea daktari.

Soma tena ukitaka. Hujakosea.

Na mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa ananifinya masikio nikidanganya kwamba nimeoga.

Kisa hiki nilipewa na bibi mwezi wa tatu mwaka huu, hospitalini Kibaha, nikiwa nimemshikia kikopo. Kikopo cha nini, mtakijua mwishoni. Msiruke, nawajua.

Haya.

Mwaka ni 1976. Babu ana miaka ishirini na mbili, anaitwa Sixtus, kijana wa Mbwawa. Mali zake ni tatu: cheti cha kidato cha nne, suruali moja ya bugaluu, na mdomo.

Mdomo ndio ulikuwa mtaji. Sixtus angeweza kumchekesha mfiwa huku kaburi bado linachimbwa.

Mwaka huo timu ya utafiti ilitoka Dar ikapiga kambi Vihingo, kule Kisarawe, kwenye darasa moja la shule. Watu walikuwa wamehamia vijiji vya Ujamaa, nyumba zimesogeleana, na wengi wanaishiwa damu. Timu ilitaka kujua ni minyoo gani, na imeingia kwa nani.

Mkuu wao alikuwa Daktari Melkiori, mtu wa miwani minene, hadubini moja, na mzaha sifuri.

Sixtus akaajiriwa ukarani. Kazi yenyewe: anapita nyumba kwa nyumba, anagawa maganda ya viberiti, kila mtu lake. Kesho yake asubuhi anarudi, anapokea kwa mkono wake likiwa na mzigo, anaandika jina, anapeleka kwa daktari.

Daktari alikuwa na sheria moja tu. Nyumba ikipungukiwa ganda hata moja, nyumba nzima inafutwa kwenye daftari. Hakuna majibu, hakuna dawa.

Nyumba nane za kwanza zilikuwa mteremko.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuomba ugali wa jana."

"Marahaba. Ugali wa jana tumeumaliza, mwanangu."

"Haujaisha, mama. Umehama kijiji tu. Operesheni ya vijiji."

Watu wanacheka, wanachukua ganda, kesho limejaa.

Nyumba ya tisa mdomo ukakauka.

Ilikuwa ya Mzee Gregori. Mzee Gregori alikuwa na binti anayeitwa Laurentia. Sixtus alishapeleka barua ya posa, barua ikajibiwa, na matangazo ya ndoa yalikuwa yaanze kusomwa kanisani baada ya mavuno ya korosho.

Kwa hiyo mama wa nyumba ile, Mama Yosefina, alikuwa mama mkwe wake.

Nyinyi mnaopiga selfi na wakwe zenu hamtaelewa. Enzi hizo ukimwona mama mkwe anakuja njiani, unaingia porini mpaka apite, hata kama porini kuna upupu. Huli mbele yake. Huchekicheki. Na neno choo hulitamki hata kama nyumba ya choo inawaka moto.

Sasa Sixtus ametumwa na serikali akamwombe choo chenyewe.

Alimkuta Mama Yosefina amekaa kwenye kibao barazani, khanga imeshuka usoni kwa adabu. Lakini hata chini ya khanga alimwona. Viganja vimekuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Akiinuka kuchota maji anapumua kama aliyepanda mlima. Na mkono mmoja ulikuwa unamega udongo wa ukutani, anatafuna taratibu, akidhani hakuna anayeona.

Watu walisema ana shetani. Wengine walisema amelogwa kwa sababu binti anaolewa na mtu mwenye cheti.

Sixtus akamkabidhi Laurentia maganda matatu, macho kwenye vidole vya miguu.

"La baba, la mama, na... la kwako."

"La kwangu nikupe wewe?" Laurentia akashika kiuno. "Sixtus, una akili timamu?"

"Ni utafiti, Lau."

"Katafiti kwenu!"

Asubuhi yake Laurentia alitokea na maganda. Lake alilitupia kapuni kutoka hatua tatu, akakimbia. La Mzee Gregori lilikuwa limefungwa kwa ukambaa, mafundo manne. La mama lilirudi tupu.

"Mama anasema mwache afe na heshima yake," Laurentia alisema kwa mbali, nyuma ya mlango. Safari hii hakuwa anatania. Sauti ilikuwa imelowa.

Sixtus akapiga hesabu. Ganda likiwa tupu, nyumba inafutwa, mama hapati dawa. Ganda likijaa, nyumba inabaki daftarini. Ganda ni ganda. Nani atajua?

Akazunguka nyuma ya mikorosho.

Yaliyotokea huko mnayajua.

Wiki moja baadaye Daktari Melkiori akamwita.

"Karani. Huyu Yosefina, mke wa Gregori. Nimemfunua kope, haina damu kabisa. Nilikuwa na hakika ni safura, minyoo imemnyonya. Lakini ganda lake ni safi. Hakuna yai hata moja."

Ndiyo kwanza Sixtus anagundua kosa lake. Yeye alikuwa mvaa viatu tangu kidato cha kwanza. Alikuwa mzima kama ng'ombe wa maonyesho.

"Kama si minyoo," daktari akaendelea, "basi ni ugonjwa mkubwa wa damu. Jumatatu gari litampeleka hospitali kubwa Dar. Dawa ya minyoo simpi, itamchosha bure. Na nyumba ile ina majibu mengine sijayaelewa bado. Tutaongea."

Habari ikafika kwa Mzee Gregori kabla Sixtus hajafika.

Wakati huo, mtu wa kijijini kupelekwa hospitali kubwa kwa "ugonjwa wa damu" maana yake ilikuwa moja. Ndugu wakaitwa. Justa, mdogo wake Mama Yosefina, alianza kulia akiwa bado yuko Chole, hukohuko Kisarawe, akafika Vihingo hana machozi, ikabidi apewe maji ili aendelee. Katekista akaja na kitabu. Na Mama Yosefina akafungua sanduku lake, akaanza kugawa khanga moja moja, kimya kimya, kama anagawa ubwabwa.

Ile nyeupe yenye maua akampa Laurentia.

"Hii utajifunga siku ya ndoa, kama sipo."

Sixtus alisikia hayo akiwa amesimama nje ya ua. Akaenda mara tatu mpaka mlangoni aseme ukweli. Mara ya kwanza alisema mvua mwaka huu imechelewa. Mara ya pili alimpa Mzee Gregori pole. Mara ya tatu alisema tena kuhusu mvua.

Fikirieni mtego wake. Akimwambia daktari, daktari atamuuliza Mzee Gregori, na Mzee Gregori atauliza: lilikuwa la nani? Jibu la swali hilo linamfukuza ukweni saa hiyohiyo, na Laurentia kwaheri. Akinyamaza, mama anapakiwa Jumatatu kwenda kutafutiwa ugonjwa asiokuwa nao, huku alionao unamalizia kazi.

Jumamosi hakula. Onesmo akamshtukia.

Onesmo alikuwa dereva wa Landrova ya utafiti, Mnyamwezi wa Tabora, tumbo mbele.

"Dogo, umekuwaje? Hujamtukana mtu tangu juzi."

Sixtus akamwaga yote.

Onesmo akacheka mpaka akashikilia boneti. Alipomaliza akacheka tena. Kisha akafuta macho, akauliza taratibu, "Huyo mama ni Mzaramo?"

"Ndiyo."

"Sasa we fala, mimi si mtani wake?"

Hapo ndipo Sixtus alipokumbuka. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kuingia msibani akajilaza ndani ya jeneza na kudai shuka, na hakuna wa kumgusa. Jambo ambalo mkwe hathubutu hata kuliota, mtani analisema kwa sauti na kupewa chai.

Onesmo akaingia ua wa Mzee Gregori akilia kuliko Justa.

"Uwiii! Mtani wangu anakufa! Anakufa na wizi wake!"

Mama Yosefina akainua khanga kidogo.

"Wizi gani tena, Mnyamwezi wewe?"

"Minyoo! Mabenki yametaifishwa, mashamba ya mkonge yametaifishwa, wewe nani ubaki na minyoo ya binafsi? Ile ni mali ya umma! Irudishe!"

Mtu mmoja akapasuka kicheko nyuma, akajiziba.

"Mimi nimepimwa," mama akasema kwa unyonge. "Sina kitu."

"Umepimwa wapi? Ulitoa nini? Ganda lako lilirudi tupu! Mkwe wako huyo hapo nje, amejificha nyuma ya bugaluu lake, alikuonea aibu kukuomba, akajaza la kwake! Mama, wewe umepimwa kwa tumbo la mkweo!"



Bibi anasema hata kuku waliacha kuchakura.

Sixtus nje ya ua alikuwa anapima umbali wa kutoka Vihingo mpaka Mbwawa kwa miguu.

Kisha ikasikika sauti ndogo, kavu, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Mama Yosefina alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaishiwa pumzi, Justa akamshika mgongo, akaendelea kucheka.

"Leta hilo ganda, mwizi wa Tabora," akasema. "Lakini upeleke wewe. Huyo kijana asiliguse."

Jumapili Daktari Melkiori alitazama hadubini mara moja tu, akavua miwani. Safura. Mayai yamejaa kama mchanga.

Jumatatu hakuna aliyepakiwa. Mama alipewa dawa ya unga, chungu mpaka aliwatukana Wanyamwezi wote kwa majina, na vidonge vya kuongeza damu. Wiki ya tatu aliacha udongo wa ukuta. Wiki ya sita alitwanga mwenyewe.

Na zile khanga alizogawa, alizidai zote. Justa alijaribu kuficha moja.

Mnadhani tumemaliza?

Mzee Gregori akamwita Sixtus. Akamkalisha kwenye kigoda, akamtazama bila kupepesa. Daktari naye alikuwepo, na daftari lake.

"Kijana," mzee akaanza, "umeidanganya serikali. Umemdanganya daktari. Karibu nimzike mke wangu kwa ajili yako. Binti nimpe mtu wa namna hii?"

Sixtus akafungua mdomo. Akaanza tena kuhusu mvua.

Daktari akakohoa. "Samahani mzee, kabla hujahukumu. Kuna majibu ya nyumba hii sikuwa nimeyaelewa. Ni ya kwako."

"Ya kwangu yana nini?"

"Ganda lako lina mdudu ambaye mimi sijawahi kumwona ndani ya binadamu. Yule anakaa kwa nguruwe."

Vichwa vyote, polepole, vikageukia banda nyuma ya nyumba, alikokaa jike moja nene la Mzee Gregori.

Kitimoto akakoroma, kama shahidi aliyeitwa jina.

Mzee akatazama mbali. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kijana aliambiwa apokee ganda kwa mkono wake. Mkono huohuo ndio ninaoupa binti yangu. Mimi ningeuwekea nini?"

Ndipo mtu wa mzaha sifuri alipocheka. Daktari Melkiori alicheka mpaka daftari likaanguka, na akaandika humo sheria yake ya pili: karani asikusanye maganda ukweni kwake. Kijiji kizima kikarudiwa upya, mkusanyaji Onesmo.

"La binti yenu tu sirudii," alisema. "Lile lilikuwa safi kabisa, na la binadamu."

Ndoa ilifungwa baada ya korosho. Na babu, kwa miaka zaidi ya arobaini, alitamba kila penye bia: "Nyie mmeoa kwa kubahatisha. Mimi nimeoa mwanamke asiye na mnyoo hata mmoja, kwa majibu ya maabara!"

Sasa turudi kwenye kikopo.

Mwezi wa tatu bibi aliumwa tumbo. Aliyemwendesha hospitali ni baba yangu, Evodius, yaani mkwe wake. Muuguzi akamkabidhi baba kikopo, akamwambia, "Mama atoe choo kidogo." Bibi akashusha khanga usoni, akasema tumbo limepona. Baba akatoka nje kupokea simu ambayo haikuita.

Nikachukua mimi kikopo. Mjukuu ni mtani.

"Haya, mke wangu. Ugali wa jana."

Bibi akacheka, akakubali. Ndipo akanisimulia yote haya. Alipomaliza akatazama mlangoni, akanivuta sikio.

"Na lile ganda langu, mume wangu..."

"Lile safi?"

"Lilikuwa la Mwanne, jirani."

"La Mwanne?" nikauliza.

"Nimpe mchumba la kwangu? Thubutu! Dawa ya mama niliiba kijiko, nikaendesha siku mbili, nikasingizia maembe. Babu yako amekufa hajui."

Wadau, heshima ni kitu kizuri, lakini minyoo haijui ukwe. Ukiwa na mgonjwa nyumbani na aibu imekaa katikati yenu, usikae unaongelea mvua. Mtafute mtani wake, mapema.

Na Bi Mwanne, popote ulipo, asante kwa mchango wako katika utafiti.