Ngoma za Ukutani

Ngoma ya ngozi ya mbuzi ikishalowa hutoa harufu ambayo huwezi kuichanganya na nyingine. Juzi mvua ya mawe ilinikuta nikitoka mazoezini Sandton. Nikaikimbiza ngoma yangu hadi garini, lakini ilikuwa imeshapata maji, na kabla sijafika robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, gari zima lilikuwa linanuka. Papo hapo nikawa na miaka kumi tena, nimesimama kwenye chumba cha mtu huko mtaa wa La Rochelle, mji huu huu, beseni kichwani.

Ngoja nikueleze vizuri. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili vya mbele. Mama yangu, mzaliwa wa Bukavu, alishonea sebuleni na kuongoza kwaya ya kanisa. Chumba cha uani alikaa Tonton Lázaro, mjomba wa heshima tu, Mkuba aliyepiga picha za eksirei hospitalini. Alikuwa na ngoma sita za kupakatwa mapajani, zenye ngozi pande zote mbili. Kwao zinaitwa bata, na usicheke, tulishacheka sisi kwa niaba yako. Tatu za kujifunzia zilikaa kitandani. Tatu nyingine, kuukuu, zilizovishwa vitambaa vya shanga, zilining'inia ukutani. Zilikuwa zimewekwa wakfu kwa miungu ya wazee wake, waliopelekwa Kuba utumwani. Hazikuruhusiwa kugusa sakafu, wala kuguswa na mtu yeyote wa nje.

"Za kitandani ni zako," aliniambia kwa Kiingereza chake cha kukatakata. "Za ukutani si zako. Ukikumbuka hilo, njoo kila Jumamosi."

Nikaenda kila Jumamosi. Ngoma kubwa huitwa mama, nayo ndiyo inayoongea na kubadilisha maneno inavyotaka. Ndogo kazi yake ni kurudia jambo lilelile bila kuyumba. Nilipewa ndogo, nikanuna. Mwezi mzima nilijipiga mapajani tu kwa viganja, huku yeye akiniuliza, "Unakimbia, nani anakufukuza?" Lakini sijisifu bure: mikono yangu ilikuwa na akili. Mwezi wa tatu nilipiga bila kuitazama, yeye na ngoma yake kubwa wakinizunguka kila upande, nami nimekaa palepale. Hakuna raha niliyoijua iliyozidi ile.

Halafu mama akaja kurudisha suruali aliyokuwa amempunguzia. Alimkuta Tonton Lázaro ameinamisha kichwa mbele ya ngoma za ukutani, anazisalimu kwa majina. Mama hakupandisha sauti. Alinishika mkono tu.

"Neema, toka hapo. Sisi tunafunga na kuomba siku tatu, kumbe mtoto wangu anapiga ngoma za mashetani hapa uani? Imekwisha leo."

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Nilimchukia, nasema kweli, nikaapa sitaimba tena kwenye kwaya yake.

Alhamisi iliyofuata, alasiri, mawe yakaanguka. Wewe unayekaa mji huu unayajua: dakika kumi tu, na bustani imekuwa nyeupe. Tukasikia kishindo uani. Bati la chumba cha Tonton Lázaro lilikuwa limepasuka, na mwenyewe yuko kazini. Alikuwa amemwachia mama ufunguo, kwa sababu mama alishinda nyumbani. Mama alisimama na ule ufunguo mkononi, akasema "Eh, Yesu wangu," kisha akachukua mwavuli mkubwa wa kanisani na kukimbia. Nikamfuata na beseni.

Maji yalikuwa yanateremka ukutani, hatua moja kutoka ngoma ya kwanza. Nikanyoosha mkono niitoe.

"Usiguse!"

"Si ulisema ni za mashetani? Basi ziache zilowe!" Nilikuwa na mdomo, hilo sikatai.

"Nilisema sizitaki kwa mtoto wangu," mama akajibu, akipanda kwenye stuli. "Sikusema zioze. Mtu ameniachia ufunguo wake. Inua beseni!"

Tukasimama. Mama kashikilia mwavuli juu ya zile ngoma tatu, maji yakimwingia kwenye mikono ya gauni na kutokea kiunoni. Alikemea mapepo yote ya Kuba kwa jina la Yesu, na katikati ya kukemea ananiambia, "Sogea kulia, ile ndogo inalowa." Alikemea na kukinga, alikemea na kukinga, mpaka mvua ilipokatika na jua likaanza kuzama.

Tonton Lázaro aliingia mbio, magwanda ya hospitali yameganda mwilini. Akasimama mlangoni.

"Mwambie hatukugusa," mama akaniambia, maana Kiingereza kilimshinda.

Nikamwambia. Alizitoa moja moja, akazilaza kitandani, akazikausha kwa shuka lake. Kisha akamgeukia mama na kuinamisha kichwa, vilevile alivyozisalimu ngoma. Mama akaona aibu, akasema anakwenda kutazama ugali, na ugali wenyewe haukuwepo.

Jumamosi asubuhi alinitupia viatu vyangu. "Nenda, mwalimu anakungoja. Akianza kuita majina nisiyoyajua, wewe soma Zaburi moyoni."

Nilivimba kichwa miaka mingi, nikidhani ngoma zimemlainisha mama. Wapi! Hakuzipenda siku ile, na hazipendi leo. Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba kule kutozipenda ndiko kulikoufanya ule mwavuli uwe mzito vile mkononi mwake, na bado hakuushusha. Mimi nilikinga nilichokipenda. Kazi rahisi.

Tonton Lázaro yupo bado, kazeeka, nami ndiye ninayempigia ngoma kubwa ya kitandani. Jumapili mama hunipigia simu baada ya ibada.

"Bado unapiga vile vitu vya watu?"

"Bado, mama."

"Na zile za ukutani?"

"Sijazigusa."

"Haya," anasema. "Na bati lake, limekaa sawa?"