Vigae Vyeupe kwa Mgeni wa Meksiko

Nakwambieni mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini leo hapa Maskati nna maduka matatu ya vigae, na jina langu linajulikana.

Mwezi uliopita binti yangu Salma, anayesomesha chuo kikuu kule Al Khoudh, akanipigia simu. Mwongozaji mkubwa wa filamu kutoka Meksiko, mshindi wa tuzo dunia nzima, ameona picha ya nyumba ya marehemu mzee wangu iliyoko Sidab, na anataka kupiga filamu humo.

"Unamjua, Baba?"

"Filamu zake zote nimezitazama!"

Basi nikaita mafundi. Wiki mbili tukaangusha dari la boriti, tukatupa mlango mkongwe, tukatandika vigae vyeupe mpaka ukutani. Nyumba ikang'ara, hata ikulu haioni ndani.

Siku ya siku mgeni akaja na Salma, akanywa kahawa, akala halua, macho yanazunguka tu. Kisha akatoa ile picha, akasema na Salma.

"Baba, anauliza nyumba hii iko wapi."

"Mwambie ndiyo hii, yumo ndani yake!"

Salma akashika kichwa. "Baba, mtu huyu amepata jina kwa kupiga filamu kwenye nyumba kuukuu. Si ulisema umezitazama zote?"

Mgeni ananitazama, mafundi wangu wananitazama.

"Nimemtazama yeye tu," nikasema, "pale anapopokea tuzo."