Mama Ndiyo kwenye Benchi la Masikio

Jina la Mama Ndiyo alibandikwa na wifi yake, kwa kejeli. Ukimwambia mvua inakuja, ndiyo. Ukimuuliza jana alilala wapi, ndiyo. Mashine ya kusaga nafaka aliyofanyia kazi ilikuwa imemla masikio, na tajiri mwenye mashine alipoona anamwita haitiki, alimfukuza akisema ana jeuri. Jeuri! Hata pole hakumpa. Naye alinyamaza, akakubali kuitwa jeuri, maana kuitwa kiziwi aliona ni aibu kubwa zaidi.

Leo alikuwa kwenye korido ya hospitali, siku ya daktari wa masikio kugawa vifaa vya kusikilizia bure. Mara iliyopita alirudi mikono mitupu, akadanganya nyumbani kwamba vifaa vimekwisha. Kumbe nesi alikuwa amesimama mlangoni anaita majina kwa mdomo. Viziwi wanaitwa kwa mdomo! Na yeye, badala ya kuinuka aulize mbele za watu, alikaa mpaka wafagiaji wakamwondoa.

Safari hii alijipanga. Kando yake alikaa fundi viatu, mzee nadhifu mwenye gundi kavu vidoleni. Akamwinamia, akamtajia jina lake.

"Nikiitwa nishtue, kaka."

Fundi akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Moyo ukamtulia.

Benchi likapungua. Waliokuja nyuma yake waliingia, wakatoka wakishtuka kwa kila mlango uliobamizwa. Nesi akifungua mdomo, Mama Ndiyo anamtazama fundi. Fundi naye anamtazama yeye. Wanatabasamiana. Mwishowe wakabaki wao wawili, na nesi akaanza kuvuta mlango.

"Kaka, hawajaniita?"

Tabasamu lile lile, kichwa kile kile.

"Kaka, nyumba yako inaungua?"

Fundi akaitikia kwa kichwa, kwa adabu zote.

Uso ulimwaka moto. Ndiyo ile aliijua. Ilikuwa yake mwenyewe. Kumbe hivi ndivyo alivyoonekana miaka yote, anachekeacheka kama mtoto aliyepotea sokoni. Wifi alikuwa na haki ya kucheka, na hilo ndilo lililouma.

Kule mashineni, kwa kelele zile, walisemezana kwa mikono. Kiganja juu: simamisha. Aliinuka, akanyanyua kiganja, na nesi akaganda na kitasa mkononi.

"MIMI NI KIZIWI!"

Sauti ilitoka ya mashineni. Korido nzima iligeuka, mpaka wafagiaji. Alitamani ardhi immeze.

Nesi alimsogelea, akasema taratibu ili midomo isomeke. "Mama, nimekuita mpaka koo limekauka. Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukunigusa bega?"

Nesi akaufungua tena mlango. Mama Ndiyo akamshika fundi mkono wa shati. "Na huyu. Ndiye aliyekuwa ananisikilizia."

Wakaingia wote. Daktari alipomaliza kumvisha kifaa, dunia ilirudi ikikwaruza: kiti, karatasi, pumzi yake mwenyewe.

"Unanisikia, mama?"

Ndiyo ilimfika mdomoni, akaimeza. "Nakusikia," alisema, kwa sauti ya chini kabisa.

Nyuma yake, fundi viatu alikuwa anamuuliza nesi kwa sauti ya kuamsha jengo: "Hivi yule dada alikuwa ananiambia nini asubuhi yote?"

Mama Ndiyo alikaza macho ukutani, akajifanya hakusikia.